Sisimizi wa kwenye telefone na wadudu wa mashamba yetu: dawa za majani zinasaidia wapi?

Mwisho wa msimu uliopita, katika mkutano wa kooperativi moja ya Masisi, mama mmoja alinifikia na telefone mkononi. Mtoto wake alikuwa amemtumia video kutoka Goma. Sisimizi wekundu wanatembea kwa mstari mrefu, kila mmoja amebeba kipande cha jani juu ya kichwa, kama watu wanaotoka sokoni na miavuli. Halafu anaonekana mwanaume mmoja anatwanga majani, anayachanganya na maji, anamwaga kwa shimo, na mambo yanaisha. Mama akaniuliza: «Agronomu, hii dawa, sisi hapa tunaweza kuipata? Juu maharagi yangu pia majani yanakatwa kila usiku.»

Nilimjibu haraka haraka siku ile, na jibu langu halikuwa kamili. Hapa niko na nafasi ya kumjibu vizuri, pamoja na wote wanaopokea gazeti hili, wa Masisi na wa Walikale.

Jambo la kwanza: sisimizi wale hawako kwetu. Wanaishi Amerika tu, kuanzia kusini ya Marekani mpaka Argentina. Brazili ndiko wanasumbua walimaji sana. Kiota kimoja kikubwa kinaweza kuwa na milioni kadhaa ya sisimizi, na katika siku chache wanaweza kumaliza majani ya mti mzima wa machungwa. Na jani lenyewe hawalipeleke nyumbani ili walile. Wanalitafuna, wanatengeneza nalo kitanda chini ya ardhi, na juu yake wanalima uyoga. Uyoga ndio chakula chao. Ni walimaji kama sisi.

Kama unaona hiyo ni hadithi ya mbali, kumbuka kichuguu. Mchwa wetu wanaojenga vichuguu vikubwa wanafanya kazi ileile, ila wao wanatumia miti mikavu na nyasi. Watu wa Walikale wanajua zaidi kuliko mimi ule uyoga mkubwa mtamu unaotoka juu ya kichuguu mvua ikianza. Ule ndio uyoga ambao mchwa wanaulima ndani.

Sasa, watafiti wa Brazili walipotafuta mimea ya kupigana na sisimizi wao, walikuta njia mbili. Mimea mingine inamuua sisimizi mwenyewe. Mingine, kama majani ya ufuta, inaharibu uyoga wake, na kiota kinabaki bila chakula. Iko pia mimea ambayo sisimizi wanaikataa tu. Maganda ya machungwa, kwa mfano, yana limoneni, ile harufu inayokupiga puani ukimenya chungwa, na sisimizi hawapendi kubeba kitu chenye harufu hiyo. Kuua, kunyima chakula, kufukuza: hizo ni kazi tatu tofauti, na mtu anayekuambia «majani haya ni dawa» bila kusema yanafanya kazi gani, hajakwambia kitu.

Kwa hiyo dawa ya kwenye video ilitengenezwa kwa adui mwingine. Lakini swali la mama ni la kweli: majani yake yanakatwa. Nani anakata?

Tafuta mwizi kwanza

Walimaji wengi wanaona tundu kwenye jani asubuhi, wanamuona sisimizi anatembea karibu, wanasema ni yeye. Mara nyingi sana sisimizi ni shahidi, hakukata kitu. Chukua taa, nenda shambani saa mbili au saa tatu ya usiku. Ni kazi ya nusu saa. Kama njia ya kwenda shambani usiku haina usalama, na najua kwa wengi wetu haina, nenda alfajiri kabla jua halijapanda, na ufukue udongo kidogo kwa kidole kando ya mche ulioanguka.

Mche wa maharagi au wa kabichi umekatwa chini kabisa, umelala kama umepigwa panga: fukua pale pale, utapata kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja. Huyo anakula usiku na kulala mchana. Majani ya maharagi yana matundu mengi ya mviringo, na mchana unaona vidude vidogo vinavyong'aa vinaruka ukigusa mmea: ni mbawakavu wa majani. Mahindi yana majani yaliyotobolewa na katikati ya mmea kuna uchafu kama unga wa mbao: ni kiwavi jeshi, yule aliyeonekana mara ya kwanza Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuvuka bara lote kwa muda mfupi. Mmea umefunikwa na vijia vya udongo na mizizi imeliwa: ni mchwa.

Halafu kuna mmea wa maharagi uliopinda majani, unaonata mkononi, na sisimizi wanapanda na kushuka bila kupumzika. Geuza jani. Utaona vidukari, vidudu vidogo vyeusi vimejaa chini yake. Hapa watu wa Masisi wataelewa haraka. Sisimizi ni wachungaji na vidukari ni ng'ombe wao. Kidukari ananyonya maji ya mmea na kutoa utamu nyuma, sisimizi anakunywa utamu ule kama vile mchungaji anavyokamua. Na kama mchungaji yeyote, anafukuza wanyama wakali: wale wadudu wazuri wanaokula vidukari anawauma na kuwaondoa. Kwa hiyo usipoteze dawa kwa sisimizi. Maliza ng'ombe, mchungaji atahama. Maji ya sabuni yanatosha mara nyingi, kama yamefika chini ya jani.

Kwenye migomba ni hivyo hivyo, na pale shida ni kubwa zaidi. Kidukari wa mgomba anajificha ndani ya maganda ya shina, karibu na ardhi, na anabeba virusi ya ule ugonjwa unaofanya majani yabaki mafupi na kusimama pamoja kama fagio. Ukimuona sisimizi anaingia kati ya maganda, fungua uangalie. Mgomba ulio na fagio hauponi kwa dawa yoyote, ya majani wala ya duka. Unang'olewa na machipukizi yake yote.

Na siafu? Muache apite. Jeshi la siafu likipita shambani linakula viwavi na wadudu wengi kuliko pompi yako. Ondoa kuku na watoto njiani, basi.

Kwa nini jani linaweza kuua

Mmea hauna miguu ya kukimbia. Kiwavi akianza kuula, silaha yake ni kemikali iliyo ndani ya majani, mbegu au mizizi. Uchungu wa mubirizi na ukali wa pilipili ni silaha za namna hiyo. Watu wa milima yetu wanajua hayo tangu zamani, na wazee wa Masisi wanakumbuka kwamba wakati wa wakoloni piretre, yale maua meupe yenye moyo wa njano ambayo Tanzania na Kenya wanayaita pareto, yalilimwa katika milima hii ili yauzwe Ulaya na Marekani. Ndani ya ua lile kuna piretrini. Inapiga mishipa ya fahamu ya mdudu, anatetemeka na kuanguka mara moja. Ng'ambo ya mpaka, Musanze, mpaka leo maua hayo yanapelekwa kiwandani. Dawa nyingi za duka ambazo majina yake yanaishia na «trini» zilitengenezwa na watu wa kemia kwa kuiga piretrini, ila wakaifanya isiharibike haraka na jua.

Neno «kuharibika na jua» ulishike, litarudi.

Ushauri mwingi unaofika kwetu unaandikwa kwa ajili ya pwani au nchi kavu, na unasema: tumia mwarobaini. Mwarobaini ni dawa nzuri sana, lakini ni mti wa joto na nchi kavu. Panda Masisi kwenye baridi ya mita 2000, utasubiri mbegu mpaka uzeeke. Walikale kuna joto, lakini mvua ya msitu ni nyingi na mti ule haupendi miguu ndani ya maji. Sisi tutafute kwetu.

Utupa

Kwetu uko utupa. Jina lake la kitabu ni Tephrosia vogelii. Ni kichaka kinachofika urefu wa mtu au zaidi kidogo, majani yake ni vijani vidogo vingi vilivyopangwa pande mbili za kijiti, yana manyoya laini ya kijivu, maua ni meupe au zambarau, na maganda yana manyoya kama ya kahawia. Wengi walioishi karibu na mito wanaujua kwa kazi nyingine: unatwangwa, unatiwa majini, samaki wanapanda juu wamelewa. Dawa yenyewe inaitwa rotenoni, na ndugu zake wawili watatu walio pamoja nayo.

Rotenoni haipigi mishipa kama piretrini. Inaingia ndani ya mwili wa mdudu na kufunga mahali ambapo mwili unageuza hewa na chakula kuwa nguvu. Ni kama kuziba bomba la moshi la jiko: moto upo, lakini unakufa pole pole. Kwa sababu hiyo mdudu aliyepulizwa utupa jioni unaweza kumkuta asubuhi angali hai, amesimama tu, hali tena. Walimaji wengi wanasema hapo, «dawa imeshindwa», wanakimbia dukani. Subiri siku mbili.

Sehemu inayofuata inanihusu mimi, na si ya kunisifu.

Miaka michache iliyopita nilipeleka mbegu za utupa kwa kikundi kimoja cha wamama. Nilifundisha kupanda, kukausha, kutwanga, kuchanganya unga na maharagi ya kuhifadhi. Walifanya yote vizuri kuliko nilivyofundisha. Badala ya kuuza maharagi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, waliyaweka, kwa sababu niliwaambia yatakaa. Baada ya miezi mitatu nilirudi. Walinifungulia kiloba kimoja mbele yangu. Maharagi yalikuwa na matundu kama kichujio, na unga wa fukusi ulijaa chini. Mama mmoja alikuwa amepanga pesa ya shule ya watoto wawili juu ya kiloba kile. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nilifikiri walikosea kipimo. Hawakukosea. Baadaye nilisoma kazi ya watafiti waliochunguza utupa wa Malawi, iliyotoka mwaka 2012, nikaelewa. Utupa uko wa aina mbili. Aina ya kwanza ina rotenoni na ndugu zake ndani ya majani. Aina ya pili haina. Ina vitu vingine ambavyo fukusi havimdhuru. Mimea yote miwili inaitwa utupa, inafanana shambani, na hata mashirika yaligawa mbegu za aina zote mbili bila kujua. Rangi ya ua peke yake haitoshi kukuhakikishia.

Kwa hiyo usiamini mbegu, hata kama imeletwa na agronomu. Jaribu kwanza. Chukua chupa mbili za plastiki zenye ukubwa sawa. Tia kila moja kopo ndogo ya maharagi safi na fukusi hai 20. Ndani ya chupa moja changanya kijiko cha unga wa majani makavu ya utupa, ile ingine usitie kitu. Funika kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite. Baada ya siku 5 mwaga na uhesabu wafu. Kama chupa ya utupa ina wafu wengi na ile ingine ina wachache, mmea huo weka alama kwa kamba na uchukue mbegu kwake tu. Kama wafu wako karibu sawa, ule utupa wako ni mbolea ya shamba. Nao una faida, juu mizizi yake inashika nitrojeni kama ya maharagi, lakini si dawa.

Namna ya kuutengeneza

Vuna majani na ukaushe kivulini, chini ya paa au juu ya turubai ndani ya nyumba yenye hewa. Si juani. Jua linavunja rotenoni, na mtu anayekausha utupa juani siku tatu anatwanga nyasi tu. Yakikauka, twanga upate unga. Anayetwanga afunge kitambaa puani na mdomoni na asimame upande upepo unakotoka. Kinu cha utupa kisitwangiwe tena sombe.

Kipimo ambacho watafiti wa kaskazini ya Tanzania walitumia juu ya maharagi ni rahisi kukumbuka: kilo 1 ya unga mkavu kwa litre 10 za maji. Ukitumia majani mabichi utahitaji mengi zaidi, sababu sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Tia vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji katika zile litre 10, na uitie tangu mwanzo. Rotenoni haipendi kuingia ndani ya maji peke yake, sabuni ndiyo inayoitoa kwenye jani, na baadaye inaisaidia kushika kwenye mmea. Acha ilale usiku mmoja na mchana mmoja ndani ya ndoo iliyofunikwa, mbali na watoto. Chuja kwa kitambaa kizito, la sivyo pompi itaziba na utamlaumu agronomu.

Puliza jioni, siku isiyo na mvua. Kwa maharagi puliza mpaka chini ya jani. Kwa mahindi elekeza ndani ya moyo wa mmea, kule kiwavi jeshi anajificha, na ufanye hivyo akiwa bado mdogo, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Akishakua mnene na kuziba tundu kwa uchafu wake, dawa haimfikii, ya majani wala ya duka. Huyo unamtoa kwa mkono. Rudia kila baada ya siku 7, kwa sababu jua limekwisha kuiharibu ile ya kwanza. Dawa uliyochuja itumie siku ile ile.

Katika majaribio yale ya Tanzania, yaliyochapishwa mwaka 2015, walilinganisha utupa, mubirizi, na yale maua ya njano ya kando ya barabara ambayo wataalamu wanaita titonia, na mimea mingine, pamoja na dawa ya duka. Mavuno ya maharagi yaliyopulizwa mimea yalikaribiana na ya dawa ya duka. Jambo lililonifurahisha zaidi ni lingine: kwenye dawa ya duka, buibui na wadudu wanaokula vidukari walipungua sana, lakini kwenye mimea walibaki wengi. Unakumbuka wale wanyama wakali wanaofukuzwa na sisimizi mchungaji. Ukiwaua kwa dawa kali, vidukari wanarudi wengi kuliko mwanzo, na wewe unarudi dukani.

Mubirizi na titonia zina nguvu ndogo kuliko utupa mzuri. Kiwavi anakula kidogo, anakua pole pole, wengine wanakufa. Lakini titonia imejaa kila njia kutoka Sake mpaka Walikale na haiulizi pesa, na yule ambaye utupa wake umeshindwa jaribio la chupa anaweza kuanza nayo msimu huu huu, kwa kipimo kile kile cha kilo 1 kwa litre 10.

Hesabu ya kazi

Nisiwadanganye: inachosha. Pompi ya litre 15 inataka kilo moja na nusu ya unga mkavu. Shamba la hektari moja linaweza kunywa litre 200 au zaidi kwa kupuliza mara moja, na hiyo ni kilo 20 za unga, halafu wiki ijayo tena. Hakuna nyumba itatwanga hiyo. Kwa hiyo dawa ya majani ni ya bustani, ya shamba dogo la mbegu, ya kona ambapo wadudu wameanza. Kooperativi inayotaka kufika mbali zaidi inahitaji uzio wa utupa uliopandwa kando ya mashamba mwaka mmoja kabla, na watu wa kukausha kwa zamu. Kwa wale ambao barabara ikifungwa duka nalo linafungwa, au wanaouziwa chupa zisizo na karatasi, hesabu inabadilika. Chupa isiyo na karatasi hata bure ni ghali.

Jani pia ni sumu

Nasikia mara nyingi: «ni ya asili, haina shida». Tumbaku ni ya asili. Maji ya tumbaku yanaua vidukari vizuri kweli, sababu ya nikotini, na nikotini ile ile inapita kwenye ngozi ya yule anayebeba pompi inayovuja mgongoni. Inaleta kizunguzungu, kutapika, na inaweza kuua mtoto aliyekunywa kidogo tu. Mimi siifundishe. Tena majani ya tumbaku yanaweza kupeleka virusi kwenye nyanya na pilipili zako.

Utupa nao, kazi yake ya zamani ilikuwa kuua samaki, na haijasahau. Tuko na walimaji wengi wenye mabwawa ya tilapia chini ya mashamba ya mteremko. Ukiosha pompi kwenye mfereji unaoingia bwawani, asubuhi utakuta samaki wote juu. Si wako tu, na wa jirani wa chini pia. Osha mbali, mwaga maji kwenye udongo mkavu, na usipulize mvua ikikaribia. Usitupe majani yake kwa nguruwe. Na waambie watoto wanaokata majani ya simbilisi wasiukate uzio ule.

Kwa mtu, rotenoni ikiingia tumboni kidogo haina ukali wa dawa nyingi za duka, lakini unga wake ukivuta kwa pua kila siku ni kitu kingine. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliowahi kutumia rotenoni katika kazi ya kilimo walipata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono, mara nyingi zaidi kuliko wengine. Umoja wa Ulaya nao umeitoa kwenye orodha ya dawa za kilimo zinazokubaliwa. Sisemi tuache. Nasema kitambaa puani, mikono iliyofunikwa, sabuni baada ya kazi, na mama mwenye mimba asitwange. Juu ya lengalenga na sombe inayokaribia kuvunwa mimi sipulize utupa kabisa.

Maharagi ya kiloba

Narudi kwa wale wamama, sababu kuhifadhi ndiko pesa iko. Unga wa utupa uliopita jaribio la chupa tunautumia sasa kwa maharagi ya mbegu: gramu 200 kwa kilo 10, tunachanganya vizuri na kufunga. Kwa maharagi ya kula tumeacha. Mtu akisahau kuosha, watoto wanakula unga.

Ya kula tunatia ndani ya bidoni. Fukusi wa milimani anataga mayai tangu maharagi yako shambani, maganda yakianza kukauka, kwa hiyo kuchelewa kuvuna ni kumkaribisha nyumbani. Vuna mapema, kausha mpaka punje ikiumwa na meno ivunjike na kulia, jaza bidoni safi kavu mpaka mdomoni bila kuacha nafasi, funga kifuniko kwa nguvu na mpira chini yake. Fukusi waliomo watamaliza hewa wenyewe na kufa. Usifungue kabla ya mwezi mmoja. Kila ukifungua unawapa hewa. Mifuko yenye matabaka matatu inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Wamama wale walifanya hivyo msimu uliofuata, kwa bidoni walizokuwa nazo nyumbani, na maharagi yalifika mpaka bei ilipopanda. Mimi sikuleta kitu siku hiyo, nilikwenda kuangalia tu.

Pale ambapo majani hayana kazi

Kuna mtu anayepita sokoni akiuza maji ya majani kwa ajili ya kirabiranya, ugonjwa wa migomba unaonyausha majani na kufanya ndizi ziive kabla ya wakati huku ndani zimeoza. Ugonjwa huo, katika nchi yetu, ulionekana mara ya kwanza hapa hapa Masisi, mwaka 2001. Ni bakteria, iko ndani ya maji ya mgomba, na hakuna jani lililopatikana la kuiponya. Usinunue. Ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara kichane cha mwisho kikishatoka, sababu wadudu wanaotembelea ua lile wanabeba ugonjwa. Panga likishagusa mgomba mgonjwa lipitishe motoni mpaka liwe moto huwezi kuligusa. Shina lenye ugonjwa likate usawa wa ardhi.

Nzi wa maharagi pia, yule ambaye buu wake anaishi ndani ya shina na kulifanya livimbe na kupasuka karibu na ardhi, hafikiwi na maji ya majani. Kwake inasaidia kupanda mapema mvua ikianza, na kupandishia udongo shinani ili mmea utoe mizizi mipya juu ya kidonda.

Na mchwa: nimeona watu wakimwaga utupa ndani ya kichuguu. Wanakufa wachache wa mlangoni, malkia yuko mbali chini. Bora kuwaachia majani makavu na mabua juu ya udongo, wapate cha kula, sababu mara nyingi wanapanda kwenye mihogo pale ambapo shamba limefagiliwa safi na hakuna kitu kingine.

Kwa mama wa telefone: tulikwenda pamoja shambani kwake, alfajiri. Kando ya miche 11 iliyokatwa tulifukua viwavi 9, wale wanene wa rangi ya udongo. Sisimizi walikuwepo, walikuwa wanabeba mmoja aliyekufa. Tumekubaliana kwa msimu A, mvua za Septemba zikianza, apalilie shamba wiki mbili kabla ya kupanda ili viwavi wakose chakula, na apande mistari 10: mitano atapuliza utupa jioni kwenye shina, mitano hapana, na atahesabu miche iliyoanguka kila Jumamosi. Mbegu ya utupa alipata kwa jirani. Chupa mbili ziko dirishani kwake tangu juzi, na Jumanne tunahesabu.